Kikapu cha Mkate

Apollo alifanya makosa mawili asubuhi ile. Kwanza alikalia kiti cha Martina kwenye basi la wafanyakazi. Pili, alipoambiwa ainuke, alicheka. Basi lilikuwa halijatoka hata kwenye lango la nyumba zao za Al Qusais, na tayari jino lake la mbele lilikuwa sakafuni linabingirika kati ya viatu vya watu, naye, Mganda wa watu, ameshika mdomo anapiga kelele, "Banange! Ananiua huyu! Mumshike!"

Hakuna aliyemshika. Wahindi waliangalia nje ya dirisha, Wafilipino wakainua miguu damu isiwaguse, na Wakenya, waliomjua Martina mwenzao, wakanyamaza kabisa. Martina aliketi kwenye kiti chake, akajifuta vidole, akamwambia dereva, "Yalla, twende, tunachelewa."

Martina na Apollo walikuwa walinzi wa hoteli moja kule Al Jaddaf, ukingoni mwa Khor, ule mkono wa bahari unaopita katikati ya Dubai na ambao wageni wengi huudhani ni mto. Mkuu wao wa ulinzi alikuwa Ubeid, mtu wa Lamu, mpole wa maneno na mgumu wa maamuzi. Alimwita Martina ofisini kabla hajavua hata kofia.

"Bi Martina, mwenzako kang'oka jino kwa sababu ya kiti," alisema.

"Alinicheka."

"Na mimi nikicheka, utaning'oa langu?" Ubeid akapumua. "Basi sikiliza, na hili sitalirudia. Apollo nimemsihi asiende polisi, kakubali kwa shingo upande. Ukiinua mkono tena kwa mtu yeyote, si kazi tu utakayopoteza. Ni jela, kisha ndege. Nchi hii haina mchezo na mambo ya kupigana. Umenifahamu?"

"Nimekuelewa, sir."

Alielewa, ndiyo. Tatizo la Martina halikuwa kuelewa. Kichwa chake kilielewa kila kitu vizuri sana, ila mikono ilikuwa na habari zake yenyewe, na mara zote ilitangulia kufika.

Alizaliwa Mutomo, kusini mwa Kitui, katika nyumba ambamo fimbo ilikuwa na msumari wake ukutani. Baba yake kila akiishusha alisema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye," na alisema kwa sauti ya upole kabisa, maana aliamini kwamba anafanya kazi ya mzazi. Martina alipokua akaolewa na Josephat, fundi wa mawe, ambaye naye alimpiga, lakini bila methali. Akavumilia mwaka na ushei. Siku moja alikuwa anatwanga, Josephat akaja na maneno yake na kofi lake, na Martina akamgeuzia mchi. Taya la Josephat lilihama upande. Aliondoka akiwa amefungwa kitambaa kichwani na hakurudi tena.

Mtaa mzima ulimsifu Martina. Wanawake walimpelekea sukari. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo alipoharibikiwa, kwa kuwa mtu akisifiwa kwa ngumi yake, ataitafutia kazi nyingine. Alimpiga mwenye duka aliyempunja. Alimpiga wifi yake kisimani. Akawa anajulikana, na kujulikana kulimpendeza.

Kisha jioni moja mwanawe Ndanu, mtoto wa miaka minne, alivuta sufuria ya muthokoi, mahindi na maharage ya jioni ile, ikamwagika yote chini. Hakukuwa na chakula kingine nyumbani. Kofi lilikuwa moja tu. Mtoto aliruka akagonga mwimo wa mlango, na sikio la kushoto likatoa damu, na tangu jioni ile sikio hilo halijasikia kitu.

Mama yake Martina alikuja kesho yake akamchukua mjukuu. Hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mgongoni, akasimama uani, akasema, "Enda Arabuni kama ulivyokuwa unasema, ukatafute. Siku utakayotaka kurudi kwa huyu mtoto nitakuuliza neno moja tu: mikono yako imepona? Na mimi nimekuzaa, hutanidanganya."

Ndivyo Martina alivyofika Dubai. Mwaka wa pili sasa ulikuwa unakwisha, likizo yake ilikuwa Desemba, na chini ya kitanda kulikuwa na sanduku lenye viatu vyekundu vya mtoto vya saizi ya kukisia. Na badala ya jibu la kumpa mama, alikuwa na jino la Apollo.

Chumba chao Al Qusais kilikuwa na vitanda vitatu. Kimoja cha Martina, kimoja cha Pauline, dada wa Vihiga aliyefanya usafi vyumbani na kusali kwa sauti, na cha dirishani cha Wandee, Mthai, mkandaji wa wageni pale hotelini. Wandee alikuwa mdogo wa umbo, mkono wake ungeingia ndani ya kiganja cha Martina ukapotea. Lakini vile vidole! Wanaume wakubwa wenye saa za dhahabu walilia chini ya vidole vile na kuomba apunguze. Wageni waliweka nafasi kwa jina lake kabla hata hawajapanda ndege.

Jioni ile ya jino, Wandee aliuona mkono wa Martina umevimba, akaketi kitandani kwake bila kuombwa, akatoa dawa yake yenye harufu ya karafuu na kafuri, akaanza kuukanda. Walizungumza Kiingereza cha hotelini, kile cha maneno machache, na Wandee alichomeka Kiswahili alichookota chumbani.

"Pole pole, dada," alisema. "Nani alikufundisha kupiga?"

Martina alitaka kumwambia ashughulike na yake. Badala yake, sijui ni ile dawa au ni vile vidole, akamwambia yote. Fimbo, mchi, muthokoi, sikio. Hakuwahi kumwambia mtu habari ya sikio. Aliposema kwamba Desemba mama yake atamuuliza, sauti ilimkatika, na akaona haya, na kwa kuona haya akakasirika, akataka kuuvuta mkono. Wandee hakuuachia. Alichukua kikata kucha, akamkata kucha moja moja, taratibu, akizikusanya kwenye karatasi.

"Nitazitupa mimi," alisema.

Siku zilizofuata hali ikawa hiyo. Jioni Wandee anakanda, Martina anatulia. Wiki zikapita hajampiga mtu. Apollo alimkanyaga kwa makusudi mlangoni pa basi, na Martina akapanda tu. Alianza kuamini kwamba huenda Desemba atakuwa na la kusema.

Ikaingia Novemba, na Wandee akawa na sherehe yake. Kwao, kijiji kilicho ukingoni mwa Mto Mekong, mwezi ukipevuka mwishoni mwa mvua watu wote huteremka mtoni na vikapu vidogo vya majani ya mgomba, vyenye maua, mshumaa na vijiti vya udi, wakaviwasha na kuviachia maji. Hoteli ilikuwa na Wathai wengi, na meneja alipenda jambo la kuwaonyesha wageni, basi ikakubaliwa wafanye kwenye gati la mbao la hoteli, pale Khor. Magogo ya mgomba ya kukalisha vikapu hayakupatikana Dubai, kwa hiyo wapishi walitoa mikate ya duara, ikakatwa vipande.

"Mkate ni mzuri," Wandee aliwaeleza chumbani, akikunja majani. "Ukimaliza kazi yake, samaki wanakula."

"Na kwa nini mnaviweka majini?" aliuliza Martina.

Wandee akasimulia. Hapo kale mfalme wa nyoka wa majini alimwomba Buddha amwachie kitu cha kukiheshimu atakapokuwa ameondoka. Buddha akakanyaga mchanga ukingoni mwa mto, akaacha wayo wake, na taa zile huelea kuusalimu ule wayo. Tena huombwa radhi Mama wa Maji, kwa uchafu wote anaotupiwa mwaka mzima. Na mwenye hasira, au kisirani, hukiweka kikapuni kiende zake. "Kikirudi ukingoni, ujue bado hujakiachia," alisema. "Unakisukuma tena. Kwa mkono, pole pole."

Pauline alikuwa amevua visikizi masikioni, anasikiliza. Wandee alipokwenda kuoga, alimgeukia mwenzake.

"Nyoka. Mama wa Maji. Mishumaa. Dada Martina, na wewe umekaa tu unakandwa?"

"Ni mila zao."

"Mila! Hata kwetu kulikuwa na mila, tukaokoka. Hiyo kitu inaitwa majini, dada. Jina lake ni hilo."

Martina alicheka. Lakini Wandee alipomwomba aje aachie kikapu chake mwenyewe, alikataa. Alisema yeye ni Mkatoliki. Wandee hakumsihi.

Sasa lazima niseme jambo kuhusu watu wa Kitui, nao watanisamehe. Kenya nzima huwatania kwa uchawi, nao hucheka pamoja na wenzao, wengine huongeza chumvi. Lakini ukucha uliokatwa hauachwi sakafuni. Nyanya yake Martina aliichoma kila nywele iliyotoka kwenye kitana, na alimfundisha mjukuu: nywele na kucha ni wewe mwenyewe, na atakayeviokota amekuokota wewe. Martina alikwenda shule, alibatizwa, alipanda ndege, na bado nywele zake zilizong'oka alizitupa chooni na kuvuta maji akiziangalia zinavyokwenda. Kucha zilizobaki mkononi mwa Wandee alizisahau. Ndivyo alivyokuwa amemwamini.

Siku ya sherehe, saa ya chakula cha mchana, Pauline alimpigia simu. Alikuwa na zamu ya mapumziko.

"Mimi sikwambii ufanye nini," alianza, na mtu akianza hivyo shika moyo. "Nakwambia tu nilichoona. Asubuhi ulipotoka, Wandee amechukua nywele kwenye kitana chako. Zile zako nyekundu za rangi. Ametoa karatasi chini ya godoro, ndani kuna kucha. Kucha zako, Martina! Amefunga vyote na jani la mgomba, akafunga uzi, akaweka kwenye mkoba, akaenda nayo kazini. Aki ya Mungu nimeona na haya macho."

Martina alikata simu, akarudi kwenye lindo lake, akasimama juani. Kichwa kilikuwa kimemuuma juma zima. Usiku uliotangulia alikuwa ameota Ndanu yuko ng'ambo ya maji anamwita, naye hana sauti ya kuitikia. Yote yaliyomwendea kombo mwezi ule yalipata mwenyewe mchana ule, na mwenyewe alikuwa na vidole vyembamba na harufu ya karafuu. Na lililomchoma zaidi ya yote ni kwamba alimwambia habari ya sikio. Alimfungulia mlango, na huyu akaingia akaiba.

Zamu yake jioni ilikuwa palepale kwenye gati. Adhana ya magharibi ilikwisha, wageni walikuwa bado juu bustanini wanapewa sharubati, na mwezi mzima ulikaa juu ya winchi za majengo. Wandee aliteremka peke yake na sinia la vikapu, amevaa nguo yao ya hariri, maua kichwani. Alipomwona Martina uso ukamchangamka.

"Dada, vizuri uko hapa. Nilitaka uone..."

Martina alilipokonya sinia. Alichukua kikapu cha kwanza akakipasua. Maua. Cha pili akakipasua. Maua. Cha tatu kilikuwa na kifurushi kidogo cha jani kilichofungwa uzi, akakikata kwa meno, na ndani yake akajiona mwenyewe: nywele zake nyekundu, kucha zake zilizopinda kama miezi midogo.

"Hii ni nini?"

Wandee alitabasamu. Kwao mtu akiogopa hutabasamu, na Martina alilijua hilo, alikuwa ameishi naye chumba kimoja karibu miaka miwili. Jioni ile hakulikumbuka. Aliona mtu anayemcheka.

"Ni yako," alisema Wandee. "Ni kwa ajili ya..."

Kofi la kwanza lilimzungusha. Maua yalitoka kichwani yakaangukia maji. La pili lilikuwa ngumi, likapasua mdomo, na Martina akamshika nywele kwa mkono wa kushoto ili asianguke, apate kumpiga vizuri kwa wa kulia. Alimpiga shavuni, alimpiga sikioni, alimpiga tumboni hata pumzi ikamtoka yote. "Mwanangu!" alikuwa anasema kwa Kikamba, kila pigo na neno lake. "Unataka kunifunga! Unataka nisimwone mwanangu!" Wandee hakujua neno hata moja. Alijaribu kuufunika uso, Martina akamfunua. Hariri ilichanika begani. Na niseme kweli, kwa kuwa Martina mwenyewe hakujificha nayo baadaye: aliona raha. Baada ya wiki zote zile za kujizuia, mkono ulirudi kazini kwake na kazi ukaikuta vilevile.

Akamwachia. Wandee alianguka juu ya mbao, kifudifudi. Kile kikapu kilikuwa kimebingirika hadi ukingoni, na yeye, damu ikimtoka puani, akanyoosha mkono wa kulia kukizuia kisitumbukie. Hicho ndicho Martina alichokiona: bado anakitaka. Akainua buti la kazi akalishusha juu ya vile vidole kwa uzito wake wote.

Vilivunjika kwa mlio wa muwa unaovunjwa gotini.

Wandee hakupiga kelele. Alifungua mdomo, ukabaki wazi muda mrefu bila sauti, kisha maneno yakaanza kutoka, Kiingereza kile kidogo, moja moja.

"Mikono yako," alisema. "Nilimwomba Mama wa Maji achukue hasira ya mikono yako. Ulikataa kuja. Bibi yangu alimfanyia babu hivyo, babu naye alikuwa akikataa. Ili uende kwa Ndanu. Ili mama yako akiuliza..."

Akashindwa kumaliza. Martina alimsikiliza mpaka hapo, na ndipo alipotazama chini akaona kwamba alikuwa bado amesimama juu ya ule mkono.

Ubeid alikuja mbio, amesikia kishindo. Aliona damu, aliona vikapu vilivyopasuliwa, akamwona Martina na mikono yake imening'inia. Akachutama kwa aliyelala.

"Nani kakufanya hivi, binti yangu? Sema tu, usiogope."

Sasa Wandee hakuwa mtu wa uongo. Hata siku ya uchovu, wenzake walipojitia homa, yeye alikwenda kazini, maana kusema uongo ni moja ya mambo matano yanayokatazwa na dini yake, naye aliyashika yote matano. Alimtazama Ubeid kwa jicho moja, la pili lilikwisha fumba.

"Nimeteleza," alisema.

Ubeid alipitisha kiganja juu ya mbao. Zilikuwa kavu. Akaita gari la wagonjwa, na wakampitisha Wandee mlango wa nyuma ili wageni wasione.

Sherehe ikaendelea. Hoteli ni hoteli. Mbao zilimwagiwa maji, wageni wakateremka na simu zao, vikapu vilivyosalia vikawashwa na kuachiwa, na Khor lote likawa na taa ndogondogo zinazokwenda. Martina alisimama lindoni. Watu walipokwisha kupanda juu, alikichukua kile kikapu, kipande cha mkate chenye majani yaliyochanika, akazirudisha humo nywele zake na kucha zake, akawasha mshumaa kwa shida, akakiweka majini.

Kilikwenda kidogo. Boti ya watalii ikapita, mawimbi yake yakakirudisha hadi kwenye ngazi, kikagonga buti lake. Aliambiwa namna ya kukisukuma: kwa mkono, pole pole. Alikisukuma kwa buti. Mkate ulikuwa umekwisha lowa, ukamegeka katikati, mshumaa ukazama, na samaki wakaja chini ya taa wakaanza kugombea. Nywele zilibaki zimenata kwenye ngazi.

Asubuhi alikwenda kwa Ubeid akasimama mbele ya meza. "Ni mimi niliyempiga."

"Najua," alisema Ubeid. "Mkono una alama ya soli. Mtu hatelezi akajikanyaga."

"Basi niitie polisi."

"Nikawaambie nini? Mwenye kuumia kasema kwa kinywa chake kateleza. Nimwite mwongo, na hali ile?" Akamtazama kwa chuki ya wazi, mtu yule mpole. "Ulitaka nikuadhibu upate nafuu. Mimi sina nafuu ya kukupa. Rudi lindoni."

Pauline alilia wiki nzima, akafunga na kuomba, na hakuna aliyemuuliza anaomba nini. Wandee alirudi chumbani na plasta hadi kwenye kiwiko. Martina alimfulia, alimpikia wali, alimshikia kijiko. Wandee alikula bila kumtazama. Jioni moja Martina akapiga magoti kando ya kitanda cha dirishani.

"Nisamehe, dada."

"Sijakusamehe," alisema Wandee. "Nimesema uongo siku ya mwezi mzima, na sikusema kwa ajili yako. Ukiwekwa jela, yule mtoto atavaa viatu vya nani?" Akageuza uso dirishani. "Mama yako atakuuliza. Utamwambia nini?"

Plasta ilipofunguliwa, vidole viwili vilikataa kukunjika. Daktari alisema labda baada ya mwaka, labda hapana. Mkandaji asiye na vidole ni mtu wa kawaida tu, na hoteli ilimpa barua ya kuachishwa kazi na tiketi. Aliondoka mapema Desemba, ameubeba mkoba kwa mkono wa kushoto. Mlangoni alimuaga Pauline. Martina alikuwa amesimama nyuma ya Pauline, na Wandee akampita kama mtu anavyopita karibu na jiko la moto, kwa kujikunja kidogo. Hakukusudia. Mwili wake ulikuwa umejifunza.

Martina aliijua ile namna ya kujikunja. Ndanu alikuwa nayo, asubuhi ile ya mwisho pale nyumbani.

Likizo yake ilikuwa tayari. Sanduku limefungwa, viatu vyekundu juu kabisa. Hakukuwa na kesi, hakukuwa na onyo jipya, na aliyeweza kumshtaki alikuwa amekwenda zake Mekong. Jumapili akampigia mama.

"Umefunga mizigo?" mama aliuliza. Nyuma yake kuku walisikika, na mtu anaimba, sauti ndogo.

"Nimefunga."

"Ndanu anawaambia watu wote. Juzi ameenda mpaka barabarani kuangalia magari." Mama akakohoa. "Haya. Unajua neno langu. Mikono imepona?"

Martina aliitazama ilivyolala mapajani. Kucha zilikuwa zimeota tena. Angeweza kusema ndiyo. Neno fupi sana, na mtoto yuko barabarani anangoja.

"Bado, mama."

Martina aliibana simu sikioni.

"Nimeumiza mtu," alisema. "Vibaya. Siji mwaka huu. Pauline anakuja Krismasi, ataleta viatu."

Mama hakumlaumu wala hakumsifu. "Basi mwambie mwenyewe," alisema, na simu ikabadilishwa mkono.

"Mama? Unakuja lini?"

"Siji, Ndanu," alisema Martina. Ilimchukua nguvu zake zote kulisema.

"Sijasikia," alisema mtoto. "Ngoja, mama, nimeweka sikio lile bovu. Ngoja nigeuze." Simu ikakwaruza, ikatulia. "Haya. Sema tena."